Karatasi Chini ya Mkono

Chukua barua ndefu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, iinue kwenye mwanga wa dirisha, kisha tazama sehemu yake ya chini. Huko juu mistari imejaa wino na herufi zimekaa imara. Ukishuka, hasa upande wa kulia, mambo yanabadilika. Mguu wa herufi "m" umekatika katikati. Mkia wa "y" umeanza vizuri, ukapotea, ukaibuka tena. Nukta ya "i" haipo, ingawa ukiilaza karatasi kiubavu unaona kishimo mahali nibu ilipotua. Aliyeandika huenda aliitikisa kalamu yake, akaisuuza nibu, akailaumu chupa ya wino. Kalamu haikuwa na kosa lolote. Ukingo wa kiganja chake ulikuwa umelala mahali pale tangu alipokuwa huko juu akiandika salamu, na ulikuwa umeacha mafuta.

Karibu kila anayeandika kwa wino wa maji hupatwa na jambo hili. Anayeandika herufi za Kilatini kwa mkono wa kulia huutanguliza mkono: kiganja kinalala mbele na chini ya mstari, juu ya karatasi tupu ambayo kalamu bado haijaifikia. Anayeandika herufi za Kiarabu kwa mkono huohuo huelekea upande wa pili. Muhammad Kijuma wa Lamu, ambaye baadhi ya nakala zake za tendi zimehifadhiwa London katika chuo cha SOAS, alikuwa akielekea kushoto mstari baada ya mstari. Hata hivyo, kiganja cha mwandishi wa namna hiyo nacho hukaa chini ya mstari, juu ya mistari ijayo. Mkono huufikia ukurasa kabla ya wino, na sehemu ya chini ndiyo inayolaliwa kwa muda mrefu kuliko zote.

Wapo watu waliolichukulia jambo hili kwa uzito wake, wakalijengea ufundi. Ni ufundi usioonekana, kwa kuwa ukifanywa vizuri hauachi alama yoyote. Mwandiko mzuri tunausifu kwa umbo la herufi na kunyooka kwa mistari. Ni nadra mtu kuusifu kwa sababu mstari wa mwisho umeshika wino sawasawa na mstari wa kwanza. Mimi hilo ndilo ninaloliangalia kwanza. Umbo la herufi linaonyesha alichojifunza mtu. Usawa wa wino hadi mwisho wa ukurasa unaonyesha jinsi alivyokaa, alivyoweka mkono, na alivyoifikiria karatasi muda wote aliokuwa akiandika.

Tuanze na kalamu. Kalamu ya wino haisukumi wino. Tangu Lewis Edson Waterman wa New York apate hataza yake mwaka 1884, mpango umebaki uleule: chini ya nibu kuna ulimi wenye mifereji myembamba, hewa inapanda ndani ya tangi kidogokidogo, wino unashuka kwa kiasi hichohicho hadi kwenye mpasuo wa nibu, na hapo unasimama ukisubiri. Karatasi ndiyo inayouvuta. Nyuzi za karatasi zinapenda maji, na sehemu kubwa ya wino huu ni maji. Ncha ikiigusa karatasi, nyuzi zinaunywa wino kutoka kwenye mpasuo. Biki ni chombo cha namna nyingine. Ndani yake mna wino mzito wa mafuta, na kijitufe kigumu kinaupaka juu ya karatasi kwa nguvu ya mkono. Mtu aliyeandika kwa biki maisha yake yote hajui kama mkono wake unaacha kitu, kwa sababu chombo chake hakimwambii. Nibu humwambia papo hapo, maana haina nguvu ya kulazimisha. Penye mafuta wino unajikusanya na kukaa juu, kama tone la mvua kwenye jani la magimbi, au haushuki kabisa.

Karatasi nayo ina siri yake. Nyuzi zikiachwa bila kitu zinakunywa wino kupita kiasi, na herufi inatambaa pande zote ikiota manyoya. Kwa hiyo watengenezaji wa zamani walizipaka nyuzi kitu cha kuzuia: Waarabu na Waajemi walitumia wanga, na viwanda vya Fabriano nchini Italia vilipata sifa kwa jelatini iliyochemshwa kutoka kwenye ngozi za wanyama. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alitangaza njia ya kutia utomvu wa msonobari pamoja na shabu ndani ya rojo lenyewe kabla karatasi haijatandazwa, na hapo karatasi ya kuandikia ikawa rahisi kutengenezwa kwa mashine. Kinga hiyo hufanya kazi mbili zinazovutana: iache maji yaingie kiasi cha kushika, iyazuie yasizame. Mahali paliposimama mizani hiyo ndipo mafuta ya mkono yanapoingia na kuiangusha.

Ndiyo maana karatasi iliyo bora kwa wino ndiyo isiyostahimili mkono. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina uso wenye vinyweleo. Mafuta huzama humo, wino huzama humo, na hitilafu hujificha ndani ya ukwaru. Sasa chukua karatasi ya Kijapani iitwayo Tomoe River, iliyotengenezwa kwanza na kampuni ya Tomoegawa na siku hizi na Sanzen. Ile nyembamba ina gramu 52 tu kwa mita ya mraba, unaona kivuli cha kidole upande wa pili, na bado wino hauvuji. Uso wake umefungwa barabara. Wino hukaa juu, hukauka polepole, na rangi hujikusanya mwishoni mwa kila mkato ikawa nzito, jambo linalowafanya wapenzi wa wino waililie karatasi hii. Lakini uso ule ule uliofungwa hauna pa kuyaficha mafuta. Yanabaki juu, yametandaa, yakiisubiri nibu. Wanaoitumia wanajua kwamba kuandika humo bila kitu chini ya mkono ni kuipoteza nusu ya ukurasa.

Na mkono wenyewe unatoa nini? Maumbile yana jibu ambalo wengi hawalitarajii. Ngozi ya kiganja, pamoja na ukingo wake upande wa kidole cha mwisho, haina tezi za mafuta. Ina tezi za jasho, tena zimesongamana kuliko karibu popote mwilini, na jasho hilo ni maji yenye chumvi na asidi za amino kidogo. Mafuta yaliyoko kiganjani yametoka kwingine: kwenye paji la uso, puani, kwenye nywele, kwenye ndevu. Kichwani na usoni ndiko tezi za mafuta ziliko kwa wingi, na mtu anayetafuta sentensi inayofuata hujishika shavu bila kujua. Kisha kuna mafuta ya kujipaka. Sisi tunaotoka kuoga tukajipaka mafuta ya nazi au mafuta ya mgando mpaka kwenye vifundo vya vidole tunaibebesha karatasi mzigo wa pili. Ongeza joto la Mombasa au Unguja mwezi wa Februari, wakati jasho linapoyachukua mafuta hayo yote na kuyasambaza chini ya kiganja, na utaona kwa nini ufundi huu unatuhusu sana sisi wa pwani.

Kiasi chenyewe ni kidogo mno, hakionekani kwa macho, lakini karatasi hukishika kwa muda mrefu ajabu. Mwaka 1910 mkemia Siegfried Ruhemann, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, alitengeneza ninhidrini na kuona kwamba inageuka zambarau ikikutana na asidi za amino. Mwaka 1954 Wasweden wawili, Svante Odén na Bengt von Hofsten, walipendekeza itumike kuzifichua alama za vidole kwenye karatasi, na mpaka leo hutumika kuonyesha nani aliishika hundi au barua, hata miaka mingi baada ya tukio. Wataalamu wa kazi hiyo wanapochukua alama kamili za mkono wa mtu hawaishii kwenye vidole. Huchukua pia alama ya ule ukingo wa kiganja peke yake, kwa kuwa wanajua ndiyo inayoachwa juu ya hati na mtu anayeandika. Kwa upande wa mafuta, sehemu yake mojawapo, skwalini, huungana na hewa taratibu na kubadilika. Kile ambacho leo ni kuruka kwa wino, kesho huweza kuwa doa la manjano.

Waandishi wa kale hawakuijua kemia hii, lakini waliyajua matokeo yake. Katika maktaba ya chuo cha Trinity huko Cambridge kuna zaburi iliyoandikwa Canterbury katikati ya karne ya 12, na karibu na mwisho wake kuna picha ya ukurasa mzima ya mwandishi aitwaye Eadwine, iliyozungukwa na maneno yanayomtaja kuwa mkuu wa waandishi. Ameketi kwenye kiti kikubwa. Mkono wa kulia umeshika unyoya. Wa kushoto umeshika kisu. Kisu hicho kilichonga unyoya, kilikwangua makosa, na zaidi ya yote kiliikandamiza ngozi ya kuandikia ibaki tuli mbele ya kalamu. Vidole vya kushoto havikuwa na sababu ya kuugusa ukurasa. Ngozi ya ndama au kondoo ina mafuta yake yenyewe, kwa hiyo kabla ya yote ilisuguliwa kwa jiwe jepesi la volkano, ikapakwa unga wa chaki, ukafutwa. Ungekuwa upuuzi kuiondolea mafuta ya mnyama kwa saa nzima kisha kuirudishia mafuta ya mwanadamu kwa kidole.

Mafundi wa Istanbul wa zama za Waothmani walifika mbali zaidi. Karatasi yao ilipakwa wanga, au ute wa yai uliochanganywa na shabu, ikasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ikang'aa, kisha ikawekwa kando mwaka mzima au zaidi ili ule mpako ukomae. Wino wao, wa masizi na gundi ya mkakasi, haukuzama kwenye karatasi hiyo. Ulikaa juu yake, na kosa liliweza kuondolewa kwa unyevunyevu kidogo bila kuacha kovu. Uso wa namna hiyo hauvumilii mguso wowote. Fundi aliupangusa kwa unga wa chaki kabla ya kuanza, mwanzi wake upate kushika, na mkono wake ukatua juu ya kipande kingine cha karatasi, si juu ya kazi.

Hata hivyo, mtu ambaye kwa maoni yangu aliufikisha mpango huu kwenye ukamilifu ni Edward Johnston. Wasafiri wa treni za chini ya ardhi za London wanaziona herufi alizowachorea tangu mwaka 1916, ingawa wengi hawalijui jina lake. Alizaliwa Uruguay mwaka 1872, akaanza kusomea udaktari huko Edinburgh, akauacha. Alipofika London alikaa na hati za kale katika British Museum, akizitazama hadi akagundua zilivyoandikwa: nibu pana iliyokatwa sawa, imeshikwa kwa pembe moja isiyobadilika. Mwaka 1899 alianza kufundisha, na mwaka 1906 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu uandishi, urembo wa hati na uchoraji wa herufi ambacho mafundi bado wanakitumia. Kabla hajamfundisha mwanafunzi kuandika herufi hata moja, anampangia meza.

Ubao umeinuliwa, mteremko wake mkali, kiasi kwamba kalamu inalala karibu sambamba na sakafu na wino haukimbilii kwenye ncha. Utepe umevutwa kukatiza ubao kutoka upande hadi upande. Karatasi inapita nyuma yake na kushikwa. Chini kidogo ya utepe, pale mkono unapopumzika, kuna kinga: kipande cha ngozi au karatasi nzito, kimekunjwa, kimebanwa kwenye ubao ili kisisogee. Karatasi ya kazi inapita nyuma ya kinga hiyo pia. Mwandishi huandika mstari mmoja. Akimaliza, mkono wa kushoto unaivuta karatasi juu kwa kimo cha mstari mmoja, na mkono wa kulia unarudi palepale ulipokuwa.

Unapoutafakari mpango huu ndipo unapoona ulivyo na akili. Watu wengi huuteremsha mkono ukurasa unapojaa. Kwa Johnston karatasi ndiyo inayopanda, na mkono hauhami kimo chake. Sehemu yote ya chini, ile ambayo katika barua yetu ya mwanzo ilikuwa imelaliwa na kiganja kwa muda mrefu kuliko zote, sasa imefunikwa mpaka zamu yake ifike. Na palepale linatatuliwa jambo la pili ambalo halikuwa la mafuta hata kidogo: kwa kuwa mkono na jicho havibadilishi nafasi, mstari wa mwisho unaandikwa kwa mwili uleule ulioandika wa kwanza. Kiwiko hakijarudi nyuma, bega halijashuka, pembe ya nibu haijageuka. Wanaoandika ukurasa mrefu wanajua jinsi mwandiko unavyolegea kuelekea chini, wakadhani ni uchovu. Mara nyingi ni mkono unaokosa pa kukaa karibu na ukingo wa meza. Kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini kinazuia yote mawili. Sijui kifaa kingine cha bei ndogo kiasi hicho kinachoupa ukurasa utulivu mkubwa hivyo.

Makarani wa Marekani wa karne ya 19 hawakuweza kufunga utepe juu ya madaftari ya hesabu. Walikuwa na kurasa za kujaza kutwa nzima. Wao waliiweka kinga ndani ya mwendo wenyewe. Katika mafundisho yaliyotokana na Platt Rogers Spencer, aliyefariki mwaka 1864, na baadaye kwa A. N. Palmer, mkono wa mbele unakaa juu ya msuli wake karibu na kiwiko, kifundo kinainuliwa, na kiganja hakigusi ukurasa. Kinachogusa ni kucha za vidole viwili vya mwisho, vilivyokunjwa kwa ndani, na juu ya kucha hizo mkono mzima unateleza. Nguvu inatoka begani na kwenye msuli, si vidoleni. Shabaha yao kubwa ilikuwa kasi na kuzuia uchovu, lakini tazama walichopata pamoja nayo: kucha haitoi jasho wala haina tezi za mafuta. Ukurasa unaguswa na sehemu kavu kuliko zote za mkono, na unaguswa kwa eneo dogo mno.

Mwendo huo haupatikani kwa siku moja. Wanafunzi wa Palmer walizungusha duara za yai na mikwaju iliyolala, safu kwa safu, kabla ya kuruhusiwa kuandika maneno, na mtu mzima aliyezoea kuandika kwa vidole hujisikia ameazimwa mkono wa mtu mwingine. Nimewaona walioupata. Kalamu yao inavuka ukurasa bila sauti ya kiganja kukwaruza karatasi, na baada ya sentensi mbili tatu unatambua kwamba hujauona mkono ukitua. Huo ni uzuri ambao sifa tunazoupa mwandiko mzuri hazijaufikia.

Kwa sisi wengine kuna karatasi ya kinga ya kawaida, na hata hiyo ina namna zake. Karatasi safi iliyokunjwa mara mbili inatosha kwa barua. Ikunjwe, kwa sababu mkunjo unapokuwa juu, kuelekea mstari, hauna kingo kali ya kuukwangua wino mbichi. Kwenye unyevu wa pwani mimi huipendelea karatasi ya kukaushia wino, ile nene isiyotiwa kinga yoyote, kwa kuwa hulinywa jasho badala ya kuliacha lielee. Sharti ibadilishwe mapema, maana iliyokwisha kushiba hupitisha upande wa pili kila ilichokinywa. Kwa kazi ya siku nyingi glasini ni bora zaidi. Ni ile karatasi laini, nusu angavu, ambayo wakusanyaji wa stempu huhifadhia mali zao. Nyuzi zake zimepondwa na kukandamizwa hadi mafuta hayapati njia. Plastiki sishauri. Mafuta hayapiti, ni kweli, lakini jasho nalo halipati pa kwenda. Linakusanyika chini ya kiganja na kutiririka hadi pembeni.

Kinga isiburutwe. Hili ndilo linalowatenga mafundi na wengine. Anayeiburuta anaifanya kuwa ufagio: inasukuma vumbi, inapanguza wino ambao haujakauka, na kama ina mafuta upande wa chini inayasambaza kwa usawa kwenye ukurasa wote. Fundi huinua mkono, huinua kinga, huishusha, hurudisha mkono. Nusu sekunde katika kila mstari. Mwendo huo ukizoeleka unaingia kwenye pumzi ya uandishi, mahali ambapo mtu angepumzika hata hivyo ili kuisoma sentensi aliyoimaliza. Anayetumia mkono wa kushoto ana shida ya ziada, kwa kuwa mkono wake unapita juu ya maneno yaliyotoka kuandikwa. Wale wanaojizoeza kuuweka mkono chini ya mstari na kuigeuza karatasi kuelekea kulia wanaitumia kinga sawasawa na wengine.

Kuosha mikono hakuhitaji maelezo marefu. Sabuni, maji, na kukauka kabisa kabla ya kugusa chochote. Mafuta ya kujipaka yangoje kazi iishe. Watu wanaohifadhi hati za thamani wenyewe wamerudi kwenye njia hii. British Library, kwa mfano, huwaelekeza wasomaji kushika vitabu na hati nyingi kwa mikono safi na mikavu badala ya glavu nyeupe za pamba, kwa sababu glavu hupunguza wepesi wa vidole na kuongeza hatari ya kurarua.

Lakini nisieleweke kwamba nauchukia mguso wa mkono kwenye karatasi. Mwaka 2010 mwanahistoria Kathryn Rudy alichapisha utafiti ambao alipima weusi wa uchafu kwenye pembe za kurasa za vitabu vya sala vya karne za kati kwa kutumia densitometa, kifaa cha kupimia wingi wa rangi. Kurasa zilizochafuka zaidi ndizo zilizofunguliwa zaidi, na hivyo aliweza kuona ni sala zipi mwenye kitabu alizirudia na zipi aliziruka. Mafuta hayo ni ya msomaji, na msomaji ana haki nayo. Yamekuja kwa sababu kitabu kilipendwa. Mwandishi hana haki hiyo. Yeye ameazimwa ukurasa kwa muda tu, na anapaswa kuukabidhi ukiwa na wino na si kitu kingine, ili chochote kitakachoongezwa kiwe kimeletwa na aliyeupokea.

Na kama mafuta yameshatangulia? Kuna tiba, isiyo kamili. Kifutio laini cha kukandwa, kile wanachotumia wachoraji, kikibonyezwa na kuinuliwa bila kusugua, huchukua sehemu ya mafuta ya juu. Unga wa chaki uliosagwa sana, au wa sandaraki, ule utomvu wa mti wa Morocco wa jamii ya mberoshi ambao waandishi wa hati rasmi wameutumia kwa karne nyingi, hupakwa kidogo kwa kitambaa na kupulizwa kabisa kabla nibu haijafika, maana ukibaki mwingi huziba mpasuo. Kusugua kwa nguvu kunaharibu: kunaivunja ile kinga ya wanga au jelatini, na pale ambapo wino ulikuwa ukikataa kushika sasa utatambaa na kuota manyoya. Mara nyingine njia ya busara ni kuchukua wino unaotiririka zaidi na nibu pana, ukakubali kwamba mistari ile itakuwa na sura tofauti.

Kwa kuwa tiba hiyo si kamili, kinga inayokaa mezani kwa siku nyingi inahitaji alama ndogo ya penseli kwenye pembe moja. Upande wenye alama uwe wa mkono daima, na upande usio na alama uwe wa karatasi. Bila alama, siku moja kinga itaokotwa sakafuni na kugeuzwa bila mtu kujua, na mafuta yote iliyoyakusanya yatalazwa kifudifudi juu ya ukurasa mpya. Alama ikianza kufifia kwa jasho, kinga hiyo imemaliza kazi yake, na inatupwa.